Kuni za Msiba Zimepikiwa Ugali

Juzi nilikuwa kwenye dirisha la dawa la hospitali moja hapa Singida. Mbele yangu alisimama bibi mmoja wa Kinampanda, mgonjwa wa saratani isiyotibika tena, ameshikwa mkono na mwanawe. Alifuata morfini ya maji, ile dawa ya maumivu.

Daktari wake alikuwa anapita. Akamwona, akasimama ghafla.

"Shikamoo, bibi. Kumbe... unaendeleaje?"

"Marahaba. Si useme tu, kumbe bado upo?" Bibi akacheka. "Ulimwambia huyu mwanangu sitafika mavuno. Akaita ndugu, wakapasua kuni za msiba wangu, wakazipanga nyuma ya nyumba. Haya, alizeti imevunwa, nimekaa pale pale shambani nawasimamia. Na kuni zao zote nimepikia ugali."

Mwanawe akainamisha kichwa.

"Yalikuwa makadirio tu, bibi," daktari akasema taratibu.

"Basi kadiria dawa. Maumivu ndiyo siyataki."

Simlaumu daktari, aliulizwa, akajibu. Wa ajabu ni sisi, tunaosikia makadirio tukakimbilia mashoka.

Wakiondoka, nilimsikia bibi akimwambia mwanawe: "Tukifika, kapasue kuni nyingine. Jikoni hakuna hata kijiti."