Karatasi za Mwisho za Salome

Waruguru hana subira na mtu asiyesoma. Ukiingia duka lake la vifaa vya ujenzi pale Sultan Hamud kununua kufuli, utatoka na kufuli pamoja na habari za mjane Salome, mhusika mkuu wa riwaya anayoipenda kuliko zote. Jalada lake lilikwisha kitambo, akakivika kitabu karatasi ya kalenda kama cha mtoto wa shule. Mumewe, Ngure, husema katika nyumba yake kuna wanawake wawili, mmoja wa karatasi.

Kusifu ni kitu kimoja, kuazima ni kingine. Kitabu hakikuwahi kutoka dukani mpaka siku alipompa rafiki yake Wayua, mkulima wa Kasikeu aliyefiwa na mume miaka michache iliyopita.

"Soma hii, Mama Ndinda," alimwambia. "Huyu Salome ni wewe kabisa. Ukifika pale mwalimu mstaafu anakuja kumposa, utanikumbuka."

Wayua alimtazama, akatia kitabu kiondoni, akaondoka bila kumaliza chai yake.

Jioni Kanini muuza mayai alipita na umbea wake. Nzioka wa Malili, yule mwenye lori aliyefiwa na mke, alikuwa ametuma watu kwa Wayua, na kanisa zima lilikuwa linamsukuma akubali.

Waruguru akaikumbuka ile chai iliyoachwa. Yeye hakujua lolote, jamani, lakini nani angeamini? Wayua angeona siri yake imefika dukani, na rafiki yake amejiunga na wale wanaomsukuma, tena kwa kutumia kitabu.

Siku ya soko ilifika, Wayua hakuonekana. Iliyofuata, vivyo hivyo. Simu iliita mpaka ikachoka. Waruguru akaanza kupima misumari vibaya na kumkaripia Ngure kwa kosa la kupumua. Alipoletwa hapa akiwa bibi harusi asiyejua neno moja la Kikamba, Wayua ndiye aliyemfundisha kusalimia watu na kupika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa. Kumpoteza mtu kama huyo kwa sababu ya riwaya kulimuuma, na kulimtia aibu.

Soko jingine, Wayua akatokea mlangoni, kiondo begani, uso umekunjamana.

"Mama Kim, wewe ni mtu mbaya sana."

Waruguru akashika kaunta. "Naapa sikujua mambo ya Nzioka. Kanini aliniambia ukiwa ushaenda na kitabu."

"Hayo ya Nzioka tutafika. Kwanza, karatasi za mwisho ziko wapi?"

Akakifungua. Kweli, kitabu kilikatika pale Salome anapofungua kinywa kumjibu mwalimu. Waruguru akamgeukia Ngure, na Ngure ghafla akapata kazi ya kupanga makopo ya rangi. Zamani, alipokosa gazeti, alimfungia mteja misumari kwa karatasi hizo, wakanuniana wiki nzima. Lakini Waruguru alikuwa ameukariri mwisho. Kila akifika pale hufunga kitabu na kuendelea kichwani, hata akasahau kwamba mwisho umebaki kwake peke yake.

"Nimesomea mwethya wote," Wayua alisema. Ndio wale kina mama wanaosaidiana kupura ndengu, leo kwako, kesho kwangu. "Ndengu zimetushika, soko sijakanyaga. Tukipumzika, nasoma. Kufika hapo ikawa vita. Roselyne anasema alikataa, wengine wanasema alikubali. Simu yako niliiona, lakini sikutaka uniharibie mwisho. Sasa niambie. Alikubali ama alikataa?"

Sauti ilikuwa imeshuka. Waruguru akatambua kwamba swali hili si la mwethya. Alitamani kujua ni jibu gani lingempendeza, lakini hakuweza kumdanganya, wala kumsingizia Salome.

"Alikataa. Alimwambia, 'Nyumba yangu imejaa, mwalimu.' Halafu akampikia chai, akamsindikiza mpaka barabarani."

"Na hawakumsema?"

"Walimsema. Yeye akaendelea kuchuma kahawa yake. Msimu kuisha, wakapata mwingine wa kusema."

Wayua aliketi juu ya mfuko wa simiti, akashusha pumzi ndefu.

"Nilimkataa Nzioka Jumapili," alisema. "Nikarudi nyumbani nikafikiria nimerukwa na akili. Hata wewe nilidhani umenipa kitabu unisukume."

"Mimi? Nikusukume uende Malili, nibaki na nani?"

Waruguru alicheka huku machozi yakimlengalenga. Akamtuma Ngure chai, naye akaenda bila ubishi, kwa sababu alijua deni lake.

"Sasa rudia," Wayua alisema. "Polepole, nikawaambie wale wamama vile alisema."

Waruguru akaanza tangu mwalimu alipobisha hodi. Safari hii Wayua alimaliza chai yake, akaomba nyingine.