Mwanamke wa Ukutani

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu filamu ya zamani ya Kijerumani, isiyo na sauti, na mara nikasikia tena harufu ya nguo zilizolowa mvua katika ukumbi wa parokia, kule Tumati nilikokulia.

Mchana ule padre aliziba madirisha kwa mablanketi, akawasha mashine ya sinema iliyonguruma kama ya kusaga. Ukutani mwanamke alinyang'anywa mtoto wake mchanga. Alifungua kinywa akalia, lakini hatukusikia kitu. Nilidhani anatuita sisi, na mablanketi ndiyo yanazuia sauti yake.

"Mama, tumfungulie dirisha!"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika.

"Mama, watamrudishia mtoto?"

"Sijui, mwanangu. Nyamaza."

Nikanyamaza, nikiamini nimemuudhi.

Nilikuwa mtu mzima mama mdogo aliponiambia kwamba kabla ya kuolewa, mama alizaa mtoto wa kike, na babu akamchukua akawapa watu wa mbali. Nilimuuliza jina la huyo dada yangu. Hakujua. Aliyejua ni mama, na tulikuwa tumeshamzika.