Kamba Mbili za Nanga

Harufu ya nailoni iliyoungua ndiyo inayonirudisha Kitale, kwenye banda la baba karibu na msikiti. Baba alikuwa baharia Mombasa kabla ya kuja bara kushona maturubai ya malori, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Likizo ya Agosti, mvua ikinyesha kila alasiri, Bwana Njoroge, mkulima wa Endebess aliyekuwa na mashua ya tanga kule Kisumu, alituletea kazi. Mnyororo wa nanga ulikuwa ukiishtua mashua yake kila upepo ulipovuma, kwa kuwa chuma hakinyumbuki. Alitaka kamba mbili, moja kila upande wa omo, yaani mbele ya mashua, zikutane kwenye kulabu ya kushika mnyororo, ili kamba ndizo zipokee mishtuko.

Baba alielekeza, mimi nikasuka. Nilifumua ncha, nikazungusha kamba kwenye pete ya chuma, nikapenyeza nyuzi moja moja chini ya misokoto hadi kitanzi kikakaza, kisha nikaziunguza ncha za nailoni zisifumuke. Siku nne, malengelenge viganjani. Kaka yangu Hamisi alikuwa uwanjani akicheza mpira.

Bwana Njoroge aliporudi alivivuta vile vitanzi, akacheka kwa furaha. "Nani amesuka hii? Ndugu yangu ana karakana ya mashua Kisumu. Anatafuta mtoto wa kufundisha kazi, na atamsomesha."

Nilisimama nyuma ya baba, kando ya Hamisi aliyekuwa ametoka uwanjani, nikingoja jina langu.

"Ni huyu kijana wangu, Hamisi," baba akasema.

Hamisi akatazama chini. Jioni alinifuata jikoni. "Zuhura, nifundishe basi. Nitaaibika huko." Nikamfundisha, kwa kipande cha kamba kilichobaki.

Leo Hamisi ana karakana yake mwenyewe. Mimi niliishia darasa la nane, nikaolewa Bungoma, na ninashona maturubai sokoni. Baba anaishi kwangu. Uji namnywesha mimi. Baba humsimulia kila mgeni habari za mwanawe Hamisi, aliyesuka kamba za mashua akiwa mdogo. Mwezi uliopita, wageni walipoondoka, nilishindwa kuvumilia.

"Baba, zile kamba nilisuka mimi."

"Najua," akajibu, hata hakushtuka. "Sasa wewe ungeenda Kisumu, nani angenisaidia kushona?"

Miaka yote nilidhani hakuniona kwa kuwa nilikuwa msichana, na kwa hilo nilikuwa nimemsamehe. Kumbe aliniona vizuri kuliko mtu yeyote. Msamaha ule wa zamani haumtoshi tena, na mwingine sijaupata.