Kopa Lenye Ncha Iliyopinda

Fundi wetu wa video za harusi, hapa Temeke, haingizi disketi kwenye kompyuta yake kuukuu bila kuifuta kwa pindo la shati. Kisha huinamisha sikio aisikilize ikikwaruza, maana lebo zimeshafutika. Jana Bi Mwajabu alileta mkanda wa harusi yake, mwisho wake umetafunwa na deki ya video. Akataka umaliziwe kwa programu ileile ya mapambo iliyotumika mwanzo, ambayo jina lake hakuna anayelikumbuka. Fundi akasikiliza disketi moja baada ya nyingine, mpaka akatabasamu. Kwenye kioo cha kompyuta, juu ya picha za mkanda, likatokea kopa jekundu lenye ncha iliyopinda, likaanza kumfunika bwana harusi.

“Ndiyo yenyewe,” Bi Mwajabu akasema. “Marehemu mume wangu alikuwaga analicheka hilo kopa.”

Fundi akalisimamisha kabla halijafika usoni. “Basi tusimfunike, mama,” akasema, akamvutia kiti.