Ramani ya Bwawa la Kathuvani

Mkono wa kulia wa Muthama Ndululu ulianza kutetemeka mwaka wa 1991, alipokuwa na miaka hamsini na mbili. Mwanzoni alidhani ni uchovu. Halafu siku moja akadondosha wino katikati ya ramani aliyoifanyia kazi wiki mbili, na mkewe Mbinya alipomwona amerudi nyumbani saa nne asubuhi, alijua bila kuambiwa.

Muthama alikuwa mchoraji wa mradi mmoja wa maji wa kanisa mjini Kitui. Tangu ujana wake kazi ilikuwa hiyo: savea akishapima bonde na kuandika vipimo daftarini, Muthama anavigeuza kuwa ramani, na mafundi wanajenga kwa kufuata ramani ile. Mabwawa mengi ya upande wa Kyuso yalipita mikononi mwake kabla ya kuchimbwa. Lakini mchoraji asiyeweza kunyoosha mstari hana kazi, na mwaka wa 1993 alipumzishwa kwa heshima, akapewa saa ya ukutani na maombi.

Miaka minne baadaye mhandisi wa mradi, aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo, alimletea kompyuta ya kukunja. Akamwonyesha kwamba ndani yake kuna programu ya kuchora, na kwamba mstari hauhitaji mkono uliotulia. Unaandika tarakimu, unabonyeza, mstari unatokea wenyewe. Kidole cha Muthama kilitetemeka juu ya vitufe kama kuku anayedonoa, lakini kilipogonga, kiligonga. Siku hiyo alichora mraba mmoja. Mbinya aliitwa kutoka jikoni auone. Akauangalia, akamwangalia mumewe, akasema, "Basi kazi imerudi."

Haikupita miezi mitano Mbinya akafa.

Ilikuwa Novemba 1997, mwaka wa ile mvua kubwa ambayo kila mtu Ukambani anaikumbuka. Mbinya alikuwa amekwenda kwao Kathuvani, ng'ambo ya Kyuso, kumsaidia dada yake kupalilia ndengu. Shamba lilikuwa chini ya bwawa. Mchana wa Jumanne ukuta wa bwawa ulikatika, maji yakashuka bondeni kwa pamoja, yakachukua watu watatu: Mbinya, dada yake, na kijana mmoja aliyekuwa akivusha mbuzi, mtoto wa Mzee Muli. Mbinya alipatikana baada ya siku mbili. Barabara zilikuwa zimekatika, kwa hiyo alizikwa huko huko kwao, na Muthama alifika kaburi likiwa limeshafunikwa.

Ramani ya bwawa lile aliichora yeye, mwaka wa 1978.

Hakuna aliyemlaumu. Mchungaji Nzomo, aliyeongoza kamati ya bwawa, alisema mvua ile haikuwa ya kawaida, na kweli haikuwa. Mabwawa mengine mengi yalibomoka. Lakini Muthama hakulala vizuri tena. Mwaka uliofuata, mradi ulipotangaza kwamba bwawa la Kathuvani litajengwa upya na kwamba inatafutwa ramani mpya, alikwenda ofisini akaomba kazi hiyo aifanye yeye, bila malipo. Wakamkubalia, labda kwa huruma. Alijua daftari la savea wa 1978 lilikokuwa. Alilitoa kwenye kabati, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai, akaenda nalo nyumbani.

Kazi ilikuwa kubwa. Alitaka kompyuta ionyeshe bonde lote kwa umbo lake, vilima na mteremko, na ukuta umesimama mahali pake, na maji yamejaa hadi juu. Aliingiza tarakimu za daftari moja baada ya nyingine kwa wiki tano. Kisha akaiamuru kompyuta ilichore bonde zima. Ikaanza. Vilima vya kaskazini vikatokea. Mto ukatokea. Kioo kikawa cheusi, na mashine ikazima kama mtu aliyepigwa rungu.

Akaiwasha, akaanza upya. Ikazima tena. Siku tatu mfululizo.

Siku ya nne aliifunga katika kitenge cha Mbinya, akaipeleka kwa Evanson Gachanja. Gachanja alikuwa mtu wa Murang'a aliyefika Kitui kutengeneza redio akiwa kijana, akazeekea hapo. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Kompyuta alikuwa amezifungua mbili tu maishani mwake, na hakuficha.

"Mzee, mimi ni fundi wa redio," alisema. "Lakini ukiniambia inafanya nini, tutatafuta pamoja."

"Inazima."

"Inazima lini?"

"Ninapochora."

"Na ukiandika barua?"

Muthama hakuwa amejaribu. Wakaketi hapo, Muthama akaandika barua ndefu kwa mtu asiyekuwepo. Saa nzima ikapita, kompyuta haikuzima. Wakafungua ramani ndogo ya tangi la shule, mistari michache tu. Haikuzima. Wakafungua bonde la Kathuvani. Dakika kumi na moja, kioo kikawa cheusi.

Gachanja alishuku stima kwanza, kwa sababu stima ya Kitui ilikuwa ikipanda na kushuka. Wakachomoa waya, wakatumia betri. Ikazima vile vile. Akashuku virusi. Aliazima disketi za kusafishia kutoka shule ambako Ndinda, binti wa pekee wa Muthama, alikuwa mwalimu. Hakukuwa na virusi. Wakaondoa programu ya kuchora, wakaiingiza upya, disketi kumi na saba, Muthama akizipokeza moja moja kwa mkono wa kushoto. Ikazima. Gachanja akasema labda kumbukumbu ya mashine imekuwa ndogo kwa mzigo huo, wakaigawa ramani vipande viwili. Kila kipande kilichukua muda mrefu kidogo zaidi, kisha kikazima.

"Labda haitaki," Muthama alisema.

"Mashine haina kutaka," Gachanja akajibu. "Leta daftari. Andika kila mara inapozima, ni saa ngapi, na imekaa dakika ngapi."

Daftari ndilo lililosema. Saa kumi na mbili asubuhi kompyuta ilivumilia dakika arobaini. Saa nne, ishirini. Saa saba mchana, wakati mabati ya kibanda yanalia kwa jua, dakika sita. Ndinda alikuja Jumamosi kumletea baba yake chakula, akaweka kiganja chini ya mashine, akakitoa haraka.

"Nau, hapa panachoma kama sufuria."

Gachanja alilitazama tena daftari lile la dakika. Akachukua bisibisi ndogo.

Alipoifungua, feni ilikuwa haionekani. Vumbi jekundu la Kitui lilikuwa limejikandamiza ndani yake pamoja na nywele na nyuzi za kitambaa, likawa zito kama blanketi. Na juu ya kipande kile kinachofanya hesabu zote, dawa nyeupe ya kupitisha joto ilikuwa imekauka, ikabaki unga.

"Kuandika barua ni kama kutembea," Gachanja alieleza. "Kuchora vilima vyote hivi ni kupanda mlima na gunia. Moyo unapata joto, na hakuna pa kutolea. Inazima ili isiungue." Alisafisha feni kwa brashi ya rangi na pumzi yake mwenyewe. Dawa nyeupe alikuwa nayo, ile anayopaka chini ya transista za redio kubwa. Akapaka kidogo kwa ncha ya kiberiti. "Feni imechakaa, na mpya hatutaipata hapa. Itumie alfajiri, kabla jua halijawa kali. Iinue juu ya matofali mawili ipate hewa chini."

Kesho yake, kulipopambazuka, Muthama aliiweka juu ya matofali mezani, akaiamuru ichore. Ndinda alikuwa amelala hapo nyumbani, akaamka kumpikia chai. Vilima vya kaskazini vikatokea, mto, vilima vya kusini. Dakika arobaini zikapita, hamsini. Ukuta ukasimama. Kando yake ikatokea njia ya kupunguzia maji, ule mfereji mpana wa pembeni unaotoa maji ya ziada ili yasipande juu ya ukuta.

Muthama aliweka kidole kwenye njia ile.

"Mashine imekosea," alisema. "Hii ni pana mno."

Akafungua kabati, akatandika ramani yake ya zamani mezani, ile iliyojengewa. Ilikuwa kazi nzuri, mistari yake imenyooka kama uzi, kazi ya mkono ambao hakuwa nao tena. Kwenye njia ya maji alikuwa ameandika mita 12. Akachukua daftari la savea, akapitisha kidole kinachotetemeka kwenye ukurasa. Mita 21. Aliomba Ndinda asome. Ndinda akasoma: ishirini na moja. Wiki chache nyuma Muthama mwenyewe alikuwa ameingiza tarakimu hiyo kwenye kompyuta, moja kati ya mamia, bila kushtuka.

Chai ilipoa. Ndinda akalifunga daftari.

"Kama ungeandika ishirini na moja, ukuta ungesimama?"

"Sijui."

"Kompyuta haiwezi kusema?"

"Haiwezi. Mvua ilikuwa nyingi sana. Labda ungesimama. Labda ungevunjika baadaye, wakati shambani hamna mtu. Labda ungevunjika siku ile ile." Alikunja ramani vibaya, akaikunjua, akaikunja tena. "Nimejaribu kukumbuka siku niliyoandika namba hii. Kama nilikuwa mgonjwa, kama kuna mtu aliniita. Sikumbuki kitu. Ilikuwa siku kama siku nyingine."

Ndinda alisimama, akachukua mkoba wake. Mlangoni alisimama kidogo, amempa baba yake mgongo. "Mwaitu alikuwa akiwaonyesha wageni ramani zako," alisema, akimtaja mama yake, akaenda. Miezi kadhaa hakuja.

Muthama angeweza kunyamaza. Ramani mpya ilikuwa na kipimo sahihi, na ile ya zamani ingeoza kabatini. Gachanja, mtu pekee aliyemwambia, alimshauri aiache. "Utawapa nini ukiwaambia? Huwezi kuwarudishia mtu."

Lakini Januari 1999 kamati ya bwawa ilipokutana Kathuvani, Muthama alipanda gari la mradi akaenda. Mchungaji Nzomo alimkaribisha aonyeshe ramani. Badala yake Muthama alitandika zote mbili kwenye meza ya shule, akaeleza kwa Kikamba, bila kuzunguka, namba ni ipi na ni ipi, na nani aliandika.

Watu waliinama juu ya ramani. Kisha Mzee Muli, yule aliyepoteza mtoto, akainuka taratibu.

"Kwa nini umetuambia?" aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mimi nilikuwa nimemwachia Mungu. Mwaka mzima nimejifunza kulala. Sasa leo usiku nitalala na nini?"

Muthama alisema, "Nisamehe, Muli," na Muli akachukua kofia yake akatoka nje. Hakumjibu siku hiyo, wala miezi iliyofuata. Walipokutana sokoni Kyuso, Muli alivuka upande wa pili.

Kamati iliamua njia ya maji ipanuliwe hadi mita thelathini, kwa sababu ya mvua zilizoonekana, na kwamba kila kipimo kikaguliwe na mtu wa pili. Muthama alirudi Kitui na kazi ya kurekebisha. Likizo ya Aprili ilipoanza, Ndinda alifika alfajiri bila kutuma habari. Hakuzungumzia yaliyopita. Alivuta kiti, akafungua daftari, akaanza kumsomea namba. Baba yake aliandika, kisha akairudia kwa sauti, na Ndinda akaweka alama kwa penseli. Jua likipanda juu wanazima mashine, wanakunywa chai. Siku ya nne Ndinda alimuuliza kama miguu pia imeanza kutetemeka. Akasema ndiyo. Ndinda akaweka alama kwenye namba iliyokuwa mbele yake, akasoma inayofuata.

Bwawa lilimalizika Septemba 1999, kabla ya mvua. Muthama alikwenda kulitazama akitembelea fimbo, Ndinda akiwa ameshika mkono wake. Wazee walikuwa juu ya ukuta wakipiga picha. Yeye aliomba apelekwe kwenye njia ya maji. Alikuwa amebeba utepe wa kupimia, akamwambia Ndinda ashike upande mmoja. Lakini mfereji ulikuwa mpana na mawe yake yanateleza, na fimbo haikumfikisha ng'ambo.

Mzee Muli alikuwa ameketi hapo kivulini peke yake. Alimtazama Muthama akihangaika, kisha akainuka, akauchukua utepe mkononi mwake bila salamu, akavuka nao hadi upande wa pili. Akauvuta ukakaza, akainama.

"Thelathini," alisema.

Muthama aliitikia kwa kichwa. Muli aliachia utepe, akakaa kidogo akilitazama shamba la chini ambako bado hakuna aliyerudi kulima, akapanda kilima kwenda kwake. Ndinda aliukunja utepe polepole, akafuta udongo kwa kitambaa, wakaelekea kaburini kwa Mbinya kabla gari halijarudi Kitui.