Msitu Niliomwambia Afikirie

Mzee huyo alikuwa mlinzi wa ploti za nyumba mpya huko Theta. Binti yake ndiye aliyemleta kwenye chumba changu cha ushauri nasaha, mtaani Kiuu, kwa sababu usingizi ulikuwa umemkataa. Kwenye fomu, pale pa kabila, nilimwandika Mkalenjin bila kumuuliza. Alinitazama nikiandika.

Nilianza nilivyozoea. "Fumba macho, baba. Fikiria uko mahali pametulia. Tuseme msituni. Kuna miti mikubwa, kuna ndege."

Alifumba. Punde akainuka nusu kitini, macho bado yamefumba.

"Unaona nini?"

"Wanachoma," akasema. "Mama bado yuko ndani."

Nilimwita mara tatu kabla hajafungua macho. Binti yake akanieleza, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba wao ni Waogiek, watu wa msitu wa Mau. Walipofukuzwa msituni nyumba yao ilichomwa. Nyanya yake alitolewa, lakini moshi ulikuwa umeshamwingia, akafa wiki hiyo.

Walipoondoka nilikata lile neno kwenye fomu nikaandika Mogiek. Kalamu ikatoboa karatasi. Kwa siku kadhaa, kila nikifungua chumba asubuhi, nilisikia harufu ya moshi, na hakuna aliyekuwa akipika karibu.

Nilimpigia mzee simu kumwomba msamaha. Kisha nikamuuliza, "Kwenu mtu akiwa hivi, mnamsaidiaje?"

"Hatumfungi kwa nyumba, madam. Tunatembea na yeye."

Basi tukawa tunakutana Theta kila Jumamosi mchana, tunateremka kando ya mashamba ya kahawa mpaka penye miti iliyobaki karibu na mto. Alikuwa akigusa kila mti, anautaja kwa lugha yake, ananiambia upi nyuki wanaupenda na upi unachongwa mzinga. Nilirudia majina vibaya, naye akanisahihisha. Wiki ya nne aliniambia ameanza kulala.

Jumamosi iliyofuata tulifika kwenye mtarakwa mmoja mzee. Hakuugusa. Alisimama mbali nao.

"Mama tulimzika chini ya mti kama huu," akasema. "Hajui tulienda wapi."

Tulisimama pale mpaka mvua ikaanza, na hata ilipoanza, hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kuugeuzia mti ule mgongo.