Mstari wa Wanunuzi

Binti wa marehemu kaka yangu haoni tangu utotoni, ugonjwa ulipompitia machoni. Tumemlea mimi na mke wangu, na sasa anasoma uchumi chuo kikuu. Mafundi wenzangu wa cherehani humwita Mheshimiwa, kwa sababu akianza kubishana hata pasi hupoa.

Vitabu havimsumbui sana. Kompyuta yake humsomea kwa sauti, tena kwa kasi ambayo mimi siambulii hata neno. Taabu ni michoro. Kompyuta ikifika kwenye mchoro husema "picha", kisha inapita zake. Na mhadhiri wake alikuwa mtu wa ubaoni: huu unashuka hapa, unakutana na huu pale. Siku moja Mheshimiwa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huu ni upi?"

Darasa likacheka. Mhadhiri hakucheka, ila baadaye alimwita na kumshauri kwa upole ahamie kozi isiyo na michoro. Akakataa. Wakakubaliana afanye jaribio la katikati ya muhula kama wenzake, michoro ikiwemo. Akishindwa, atahama.

Akaja kibandani na rafiki yake wa chumba kimoja, anayesoma naye kozi hiyo hiyo.

"Shikamoo, baba mdogo. Nataka unishonee mchoro."

"Marahaba. Mchoro unashonwaje?"

"Kama unavyoshona mfuko. Nikipitisha kidole nijue mstari umepita wapi."

Rafiki akachora kwa chaki kwenye kipande cha jinzi. Ukingo wa kushoto ulikuwa bei, ukingo wa chini ulikuwa wingi wa bidhaa, na katikati ukapita mstari wa wanunuzi, kutoka juu kushoto ukishuka kwenda kulia. Uzi mnene hauingii kwenye tundu la sindano, kwa hiyo sisi mafundi huuzungushia kwenye bobini, kile kigurudumu kinachokaa chini ya sindano, nao hutokea upande wa chini wa kitambaa. Nikaifuata chaki vizuri, nikakata nyuzi, nikampa.

Siku chache baadaye wakarudi, wanabishana tangu barabarani.

"Baba mdogo, kitambaa chako kinasema bei ikipanda watu wananunua zaidi."

"Kwani sivyo?"

"Ingekuwa hivyo, wewe ungekuwa na ghorofa."

Mafundi wakaangua kicheko. Rafiki yake akalalamika, "Nimemwambia kitabuni mstari unashuka. Ananijibu kwamba vidole havina sababu ya kumdanganya."

Mheshimiwa alikuwa ameshika kitambaa, kidole gumba juu na cha shahada chini, anaufuata mshono pande zote mbili.

"Chaki ilikuwa upande gani?"

"Juu, mbele yangu," nikajibu.

"Na uzi mnene ukakaa chini. Basi mimi nimesoma mgongo wa mchoro. Kushoto kumekuwa kulia."

Uso uliniwaka. Nembo za mifuko tunazishona hivyo hivyo kila wiki, na fundi huanza kwa kuzichora kinyume. Huu sikuugeuza kwa kuwa kwangu ulikuwa mstari tu.

"Usijali, baba mdogo," akasema. "Ungetoka sawa ningeukariri. Sasa nimeuelewa."

Siku ya jaribio aliomba ubao laini, pini na uzi. Yaliyotokea nilisimuliwa na rafiki yake, maana mwenyewe alisema tu kwamba limekwenda. Swali lilikuwa: unga ukiadimika, bei ya mkate itakuwaje? Wenzake wakachora kwa kalamu, yeye akachoma pini na kuvuta uzi. Mhadhiri akasimama nyuma yake.

"Mstari wa wauzaji umeusogeza. Mbona wa wanunuzi umeuacha?"

"Kwa sababu hamu ya watu kula mkate haijabadilika, Mwalimu. Kilichopungua ni mkate. Wanunuzi wanapanda kwa kuufuata mstari wao ule ule, hadi kwenye bei ya juu."

Mhadhiri akaenda kwa mwanafunzi mwingine.

Matokeo yalipotoka alinipigia simu akiwa bado kwenye korido, nyuma yake kelele tupu.

"Nabaki, baba mdogo. Na Mwalimu ameacha 'huu' na 'huu'. Siku hizi anataja kila mstari kwa jina lake, hadi wanaoona wanasema wanaelewa."

Mimi si msemaji. Lakini nilipoweka simu chini, nilimgeukia mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake, mtu nisiyemfahamu kabisa, nikamwambia mwanangu anasoma uchumi na amefaulu. Akanipa hongera. Nikamwambia tena.